Koito Kwenye Kalenda ya Ofisi

Jumapili, baada ya kanisa. Mvua imeanza mapema leo, mabati yanapiga kelele, na mimi nina hasira. Nimesema mapema ili asiyetaka hasira za watu siku ya Jumapili afunge ukurasa aende akanywe chai.

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniomba niandike kuhusu programu za tableti ninazozipenda, zile zinazonisaidia kupanga kazi. (Wenye Kiswahili chao huiita kishikwambi. Ofisini kwetu ukisema una kishikwambi utaulizwa kama umemeza dawa.) Nilimwahidi, na ahadi ni deni.

Mimi ni afisa wa mashambani wa kiwanda kidogo cha majani chai. Nazunguka kwenye vituo ambako wakulima huleta majani, kuanzia hapa Sosiot mpaka kule Sigowet, nikiangalia wanavyochuma na kuwafunza. Bila tableti ningekuwa nimechanganyikiwa kitambo.

Naanza na ile ya kazi za siku. Ukimaliza kazi unaigusa inajikata mstari, na kuna siku huo mstari ndio shukrani pekee ninayopata. Kuna ile ya kupiga karatasi picha ikatoka safi, maana mvua ya huku haiheshimu karatasi. Ile ya kuandika unapoongea niliiacha. Mimi ni Mkipsigis. Nikisema "gari" inaandika "kari", nikisema "dawa" inaandika "tawa", na kuchekwa na watu kunanitosha.

Halafu kuna kalenda.

Kalenda ya pamoja niliipenda kuliko zote, na mimi ndiye niliyeileta ofisini. Zamani tulikuwa tunakutana maafisa wawili kwenye kituo kimoja huku kingine hakina mtu, na kila mmoja anaapa ni zamu yake. Nikawawekea wote kalenda moja, nikawafundisha mmoja mmoja, hata bosi wetu, Bwana Langat, ambaye mwanzoni alikuwa akiigusa skrini kama sufuria ya moto. Sasa kila mtu anaona mwenzake yuko wapi. Bosi mwenyewe aliniambia nijitayarishe, nafasi ya msimamizi wa maafisa iko karibu. Nilijitayarisha. Nilijiona tayari nimekaa kwenye hicho kiti.

Sasa, jana nyumbani kulikuwa na koito. Kwa msomaji asiye wa kwetu, koito ni siku wazee wa upande wa mvulana wanapokuja kwa kina msichana kuongea mahari. Watu wanakula, mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, inamiminwa, mambo yanakuwa rasmi. Ilikuwa ya mdogo wangu, Faith. Jumamosi kwetu ni siku ya kazi, kwa hivyo nilichukua ruhusa na kuandika kwenye kalenda ili nisipangiwe kituo: "Koito nyumbani, Sosiot."

Sikuandika ni ya nani. Kwetu mtu hasemi. Unasema tu kuna koito nyumbani, na anayekujua atajua au atauliza.

Ijumaa tuliitwa mkutano. Nafasi ikatangazwa. Amepewa Weldon, mwenzangu wa vituo vya chini.

Nilipiga makofi kama wengine. Tukitoka, Bwana Langat akanisalimia kwa mikono miwili, uso umejaa furaha ya kweli.

"Hongera, madam. Tumeona kwa kalenda. Usiskie vibaya, unajua hii kiti inataka mtu wa kukaa. Wewe sasa ni mtu wa kwenda."

Sikuelewa. Nilifika kwenye pikipiki yangu, nikavaa helmeti, ndipo ikaniingia. Alidhani koito ni yangu. Ameniozesha, amenihamisha, na nafasi yangu amempa mwingine, yote bila kuniuliza swali moja.

Na huyo Weldon? Alioa Desemba. Harusi yake ilikuwa kwenye kalenda hiyo hiyo, na sote tulienda tukala. Aliporudi kazini, Bwana Langat alisema mbele yetu, "Sasa huyu ametulia." Mwanaume akioa ametulia. Mwanamke akiposwa ameenda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu nakichaji mwenyewe kila jioni.

Jana basi nilienda koito. Nikabeba sufuria, nikamimina mursik, nikacheka na wageni. Senge wetu, dada yake baba, akanivuta kando ya jikoni.

"Chebet, mtoto amekupita. Wewe unangoja nini? Hiyo kazi ndio itakuzalia?"

Nilienda kulia nyuma ya boma la ng'ombe. Ofisini nimenyimwa nafasi kwa sababu ya mume, nyumbani nasimangwa kwa kukosa mume, na mume mwenyewe hayuko. Angekuwepo ningepata angalau wa kugombana naye.

Leo nimemweleza Faith. Anasema barua ya kumpa Weldon cheo bado haijatoka, niende kesho asubuhi nimwambie bosi koito ilikuwa ya mdogo wangu, mambo yaishe. Ni kweli, ni sentensi moja. Na Bwana Langat si mtu mbaya. Atashtuka, ataomba msamaha, pengine atanirudishia nafasi yangu. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwa sababu nikisema "si mimi ninayeolewa", nitakuwa nimekubali kwamba anayeolewa hafai. Nitapewa kiti kwa sharti ambalo hakuna aliyelitamka, na nitakikalia nikimwogopa kila mwanaume anayenisalimia vizuri.

Nikinyamaza, nitakuwa nikiomba ruhusa kwa Weldon.

Msomaji wangu, programu ya kunisaidia hapa sijaipata. Ukiipata niambie.

Nimeamua hivi. Kesho nitaingia kwa Bwana Langat kabla hajaanza chai yake, na sitamtaja Faith. Nitamuuliza kwanza: mwanamke akiolewa, kazi yake inaenda wapi? Nitamwacha ajibu akiamini anayeolewa ni mimi. Akijibu vizuri, ndipo nitamwambia ukweli. Akijibu vibaya, nitasimama, nitamtakia siku njema, nitoke.

Ila naijua njaa niliyo nayo ya kile kiti. Nikifika mlangoni, nitatoka kweli, au nitageuka na kusema, "Bosi, haikuwa yangu"?