Terasi ya Nyuma ya Nyumba

Katuba, Élisabethville
Tarehe 12 Oktoba 1953

Kwa kaka yangu mpendwa, Yaya Stanislas, huko Kasenga,

Pokea salamu zangu nyingi katika Bwana, wewe na wifi yangu Germaine na watoto wote. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, kwamba kikohozi cha mdogo kimekwisha, na kwamba mto bado unawapa samaki. Huku kwangu Simone ameota meno ya juu na anauma kila mtu. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio hauko mahali pake, na ukiona kalamu imetoboa karatasi, usifikiri ni ubaya wa kalamu.

Bila shaka Mama amekwisha kufika kwako kwa lori la samaki la yule Mgiriki, na bila shaka hajakuambia kitu. Ukimwuliza atasema joto la Élisabethville limemshinda. Usimsadiki. Mama amezaliwa Luapula, joto halimshindi. Nimeshika kalamu nikuambie mimi, kwa sababu yeye hatasema mpaka anakufa, na mimi nikinyamaza nitapasuka. Nina hasira, Yaya. Jana nimevunja sahani mbili na sikuzifagia.

Unakumbuka kwamba Mama alipokuja kukaa nasi baada ya matanga ya Baba, mume wangu Lucien mwenyewe alipaka chokaa kile chumba kidogo cha uani, kando ya jiko, ili apate pa kulala. Tuliishi vizuri. Mbele ya nyumba palikuwa pa Lucien na wageni wake. Nyuma palikuwa petu, mimi na Mama, na kinu, na moto, na kamba ya nguo. Lucien akitaka kupita nyuma alikohoa kwanza, naye Mama akageuka upande wa ukuta au akaingia chumbani mwake mpaka mkwe wake apite. Hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakuitana, kama inavyompasa mkwe na mama mkwe wake, kwetu Luapula na kwao Kabalo vilevile. Wala hawakuchukiana. Kila asubuhi Mama aliniuliza kama mwenye nyumba amelala vizuri, na Lucien akileta sukari kutoka mjini aliniambia nipeleke nusu kule nyuma. Hivyo ndivyo walivyopendana, kila mmoja upande wake.

Halafu likaja jambo la kadi. Wewe unajua shemeji yako ni karani katika duka kubwa la mjini, na sasa makarani wote hawana wimbo mwingine ila hiyo kadi wanayopewa wale wanaoitwa évolués, weusi waliostaarabika. Ukiiomba, wazungu wanakuja kwako kutazama unavyoishi: kama una meza, kama mnatumia uma, kama kitanda kina shuka, kama mke anakula na mumewe. Sikumkataza. Nani asiyetaka mumewe aheshimiwe? Nilishona pazia, nikasugua sufuria mpaka nikajiona uso wangu ndani.

Lakini siku moja bwana wake wa kazi alimtuma nyumbani kwake na makaratasi, akapokewa nyuma ya nyumba, juu ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka chini, yenye viti na maua ya mikebe, na yule mzungu akinywa kahawa yake hapo bila koti. Lucien akarudi ameshikwa. Hiyo inaitwa terasi, akaniambia, na kwetu itakuwapo terasi. Usiku huo meza yetu ilijaa rula na karatasi. Akachora, akafuta kwa tonge la mkate, akachora tena. Kesho yake akapima uwanja kwa kamba na vijiti. Nilimwuliza kwa nini isiwe mbele. Akajibu kwamba mbele kuna vumbi na macho ya watu, na kwamba mtu mstaarabu anapumzika nyuma ya nyumba yake. Nilimwuliza Mama atapita wapi. Akasema: “Mama atazoea.” Yaya, hasira yangu ilianza pale, kwa maneno hayo mawili.

Nitasema kweli hata nikiwa nimekasirika: kazi ilikuwa nzuri. Aliita seremala mmoja wa mtaa wetu, jina lake Bwalya, mtu asiyependa haraka. Nguzo ni za mulombwa, ule mti mgumu mwekundu, zimesimama juu ya matofali na saruji, na miguu yake yote ilipakwa mafuta machafu ya magari ili mchwa wasipande. Sakafu ni ya mbao za masanduku ya mashine, zimepigwa randa, na kati ya ubao na ubao Bwalya aliacha nafasi ya maji ya mvua kupita. Kuna ngazi, kuna ukingo wa kuegemea. Mimi mwenyewe nilibeba maji ya saruji na Simone mgongoni. Hata Mama alikuwa akichungulia mlangoni Lucien asipokuwapo, akagusa zile nguzo kwa kiganja.

Lakini sikiliza ilipokaa. Imekaa kati ya jiko na chumba cha Mama, imeinuka kufika kiuno changu. Mtu akiketi juu yake anaona chungu chetu, anaona kinu, anaona mlango wa Mama na njia ya choo. Na Lucien aliketi! Akitoka kazini tu, anavua viatu, anapanda na gazeti lake. Sasa hakukohoa tena, akohoe nini na yeye tayari yupo? Mama akawa mfungwa. Mwezi huu wa Oktoba, chini ya mabati, mlango umefungwa, mwanamke mzima anangoja mkwe wake amalize habari za Ulaya ndipo atoke kwenda kujisaidia. Nilimwambia Lucien. Nilimwambia polepole, nikamwambia kwa ukali. Alijibu kwamba mambo hayo ni ya porini, na wazungu wa kadi wasiyakute kwake. Nikamwambia basi rudi mbele ukae. Akasema terasi si kiti cha kuhamisha. Nilipomlalamikia Mama, yeye akanituliza mimi! Akasema nimwache, bado kijana, na lisilo na njia leo litapata njia siku si nyingi. Sikumwelewa.

Wazungu walikuja Alhamisi iliyopita, mabwana wawili na bibi mmoja. Walitazama vitanda, walifungua kabati, bibi akanusa kitambaa cha meza yangu. Lucien akawapandisha kwenye terasi, na kweli wakaisifu. Tukaketi kula mkate na sardini, mimi na uma wangu, mgongo wima. Ndipo bibi yule akaona Mama akiingia chumbani na sahani yake, mlango ukifungwa. Akauliza ni nani yule. Lucien akasema ni mama wa mke wake. Akauliza kwa nini bibi kizee anakula peke yake gizani, na wenye nyumba wanakula hapa juani.

Yaya, jibu lilikuwapo. Angesema kwetu hiyo ndiyo heshima, kwamba simwoni kwa sababu yeye ndiye aliyenizalia mke. Anajua Kifaransa cha kutosha kueleza hilo na zaidi. Kazi gani ya shule kama hakuweza kusema hivyo? Lakini alicheka. Alicheka kicheko cha kuwafurahisha, akasema yule ni mzee, ana haya kidogo tu, kisha akageuka akaita kwa sauti, mbele ya majirani waliojipanga kwenye ua: “Mama, kuya! Ikala hapa pamoya na siye!”

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakuuondoa wala hakunitazama.

Mama alikuja. Alikuja kwa ajili yangu, najua, maana alifikiri wazungu wakikasirika ni mimi nitakayeumia. Alipanda ngazi na kitambaa chake kimeshuka mpaka kidevuni. Na yule bibi, kwa upole kabisa, akitabasamu, akamwondolea kitambaa usoni, kama mtu anavyomfunulia mtoto apate hewa. Lucien akamwekea sardini kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe. Mama akala. Mama yetu, Yaya, akatafuna mbele ya mkwe wake, macho kwenye mbao, na mafuta yakamdondokea kidevuni na hakuthubutu kuyapangusa. Wale mabwana wakatazamana wakafurahi. Mmoja akasema haya ndiyo maendeleo. Nikaona Lucien anajua alichofanya, lakini akaendelea kutabasamu. Hilo ndilo siwezi kumsamehe. Angekuwa mjinga ningemsamehe.

Walipoondoka Mama aliingia chumbani mwake. Hakulia. Alfajiri alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake, nikamsindikiza mpaka sokoni, ambako lori la samaki linashusha. Neno lake la mwisho lilikuwa nimpe Simone uji usio moto.

Wewe uliniambia siku ya harusi kwamba mume aliyesoma ni baraka, nimvumilie. Nimekumbuka maneno yako mara nyingi wiki hii, na si kwa uzuri.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nilikuwa nalikwepa tangu mstari wa kwanza. Jana Jumapili, baada ya misa, Lucien alikuwa juu ya terasi na makarani wenzake wawili, wanakunywa bia, wanaihesabu kadi kama imekwisha kutoka. Tukasikia nyimbo njiani. Zikakaribia, zikaingia uani kwetu: wanawake wa Luapula wa mtaa huu wote, na vyungu vichwani, vimefunikwa majani, na mbele yao Mama Kasonde, yule jirani anayeuza dagaa wa kapenta, akicheza. Nilitambua wimbo.

Ilikuwa kwingisha, Yaya. Mama alikuwa amepanga kumwingiza mkwe wake. Unajua anavyofanya mama mkwe aliyeridhika: anampikia mkwe wake vyakula vyote, anampelekea kwa nyimbo, anamlisha, na tangu siku hiyo ile haya yote inaondoka, wanaweza kukaa pamoja na kula pamoja na kutazamana kama mtu na mwanawe. Alikuwa amezungumza na wale wanawake kwa siri, tangu Bwalya alipochimba mashimo ya nguzo. Alimwambia Mama Kasonde kwamba kijana amejenga mahali pazuri pa kukaa, basi si vizuri akae peke yake. Wao wakapika kwao tangu Jumamosi, kila mmoja chungu chake, wasijue kwamba amekwisha kwenda.

Mama Kasonde akauliza: “Mama iko wapi?” Wimbo ukafa. Nikamweleza pale pale, kwa sauti, makarani wakisikia, na sikupunguza kitu. Akamgeukia Lucien, akamwambia: “Ulipora kintu chenye bangelikupa leo.” Wanawake wakageuka na vyungu vyao. Chakula cha kwingisha hakitolewi bila mwenyewe mama mkwe. Walipita chini ya terasi, na harufu ya kuku na karanga na samaki wa kuokwa ikapanda mpaka kwake. Wale makarani waliaga bila kumaliza bia.

Tangu jana hajapanda pale. Leo nimepandisha kinu changu juu ya terasi, nimetwanga mihogo hapo, na hakuthubutu kusema neno juu ya mbao zake.

Jana usiku alinilamba miguu kwa maneno. Anataka kuja Kasenga Jumamosi na mbuzi na kitenge, akutafute wewe kwanza umpeleke kwa Mama. Akanisihi nikuandikie barua ya kumwombea msamaha. Nimeandika, ndiyo hii. Akifika, usimpe kiti. Usimnyime maji, lakini abaki nje, na asiite. Kama Mama atatoka, atatoka mwenyewe. Kama hatatoka, arudi na mbuzi wake, na mimi nitakuwa njiani kuja kwenu na Simone.

Na hili nakuambia wewe tu: nilifikiri Mama alikuwa akimvumilia kwa ajili yangu. Sikujua kwamba alikuwa amempenda. Ndiyo maana sahani zinavunjika.

Nisalimie wifi Germaine, na watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na wote wa huko mtoni wanaotukumbuka. Mungu awalinde. Mama mpe mkono wangu. Mwambie vyakula vilipikwa kama alivyoagiza, hakuna chungu kilichoungua, na Lucien hakuonja hata mchuzi.

Ni mimi mdogo wako,
Victorine