Jina la Saikal Kifuani

Osh

Kaka Ermek, mwenzangu wa kitanda cha juu,

Salamu kutoka kwa mtu mwenye furaha kuliko wote! Nimeoa! Mama alimfunga Saikal wangu kitambaa cheupe kichwani, akakaanga maandazi ya boorsok karai zima. Saikal huniita "jua langu" hata nikikoroma. Alipoliona jina lake ulilonichora kifuani humo gerezani, alicheka: "Mwizi wewe, herufi zimepinda kama miguu yako!" Kisha akalibusu.

Kaka, yanayofuata naona haya kuyaandika. Tunataka mtoto, kwa hiyo tulikwenda kupima. Yeye yuko salama. Mimi nina virusi vya Ukimwi. Daktari aliponiuliza kuhusu sindano, niliinamisha kichwa mbele ya mke wangu. Ile yako ya kuchorea, ya waya wa gitaa, ilitupitia sote bwenini bila kuchemshwa, na bomba la kujidungia heroini tulipokezana vilevile. Sijui ni lipi lililoniambukiza. Sikulaumu, mwili niliutoa mwenyewe.

Nimeanza dawa. Nilimwambia Saikal arudi kwao, akanifokea: "Nyamaza, kunywa chai! Halafu mwandikie huyo mchoraji wako, asije akawamaliza wengine."

Uliniandikia kwamba Oroz wa humo bwenini anasubiri umchore jina la mama yake. Tafadhali, kaka, ivunje sindano hiyo kabla hajavua shati, kisha nendeni wote mkapime. Mkitaka kunicheka, nichekeni.

Mdogo wako,
Kubat