Mshipi Wangu Shingoni mwa Mbwa

Jumamosi, 14 Aprili 1934

Nimesema uongo mbele ya watu, mimi mwalimu na mzee wa kanisa.

Meneja wa shamba ameamuru kila mbwa asiye na ukanda shingoni apigwe risasi, kwa hofu ya kichaa. Leo askari Kiprono alimkuta yule mbwa jike mwekundu nyuma ya ghala la chai. Mwenye mbwa alirudi kwao Kisumu akamwacha.

Nilivua mshipi wa suruali nikamfunga shingoni.

“Mwalimu, huyu ni wako tangu lini?” Kiprono aliniuliza, bunduki ikiwa mkononi.

“Tangu zamani.”

“Basi shika suruali, Mwalimu. Inakuacha.”

Wachuma chai walicheka. Kiprono hakucheka, alisema atarudi Jumatatu kukagua.

Jike mwenyewe hana shukrani. Nilipompelekea ugali jioni alinionyesha meno. Hilo silijali. Kinachoninyima usingizi ni watoto wake wanne walio chini ya sakafu ya ghala. Wameanza kutembea, na hakuna awezaye kuwazuia wasitoke.

Mshipi nilikuwa nao mmoja tu. Kesho baada ya ibada nitawaomba wazee wenzangu mishipi yao. Sijui hata nitaanzaje.