Pini Zilizompandisha Sidi

Alhamisi, saa kumi jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Bombolulu, sasa imekatika na joto limerudi na hasira zake. Mlango wa duka nimeufunga nusu. Simu tatu ziko juu ya meza ya kukatia nguo, zote zinaimba wimbo mmoja, kila moja imefika pahali pake, kama watu watatu wanaogombana.

Nimechoka na wimbo wa mwanangu.

Haya, nimeliandika. Mungu anisamehe.

Mnaonisoma kwenye ukurasa huu mnanijua, kwa Sidi mimi sina haya. Sauti ile ameirithi kwangu, mimi niliyeongoza kwaya mpaka mchungaji akaniomba nipunguze kidogo ili wengine nao wasikike. Mimi shule niliishia la saba, lakini mwanangu ni karani kwenye ghala la chai kule Changamwe, anatembea na kalamu mbili mfukoni, na jioni anaimba. Miezi miwili iliyopita alirekodi wimbo alioutunga kuhusu jirani aliyehama bila kuaga. Akauweka kwenye ile programu ya muziki ambayo kila Jumatatu hutoa orodha ya nyimbo ishirini zinazopendwa Pwani.

Nikamuuliza, hao wanaopanga orodha wanajuaje nani anapenda nini? Akanieleza huku anakula, anacheka. Hakuna mtu anayepanga, mama, ni mashine inahesabu. Wimbo ukisikilizwa unahesabiwa. Ukikatwa mapema, hauhesabiwi. Ukipakuliwa ukakaa kwenye simu ya mtu, hapo una uzito zaidi. Yeye alikuwa anapiga hadithi tu. Mimi nilikuwa nashika kila neno kama vipimo vya mteja.

Kwa sababu wiki ile nilikuwa na sare za harusi. Madera ya zambarau, wanawake sitini, binti wa Bi Zuhura wa Magogoni anaolewa. Kila mmoja anakuja kupimwa, anarudi kujaribu, anarudi tena nimpunguzie kwapani. Na mwanamke aliyevaa nguo yenye pini mwili mzima haendi popote.

"Lete simu, mwenzangu, mwanangu ameimba," nawaambia. Nawapa intaneti ya duka, wanapakua palepale, halafu napinda ukingo polepole mpaka wimbo uishe. Aliyetaka kuukata katikati, pini ilimgusa kidogo. Pini ni pini.

Bi Zuhura mwenyewe alipiga kelele. "Mama Sidi, mimi nimekuja kujaribu dera, sikuja kufungwa! Niachie nikatazame mchele wangu!"

"Umebaki ubeti mmoja tu, Bi Zuhura."

"Wallahi ubeti huo naujua kuliko jina la mkwe wangu!"

Tulicheka mpaka nikaangusha mkasi.

Jumatatu Sidi akaingia namba kumi na nne. Jumatatu iliyofuata, namba tatu. Tatu, Pwani nzima! Niliizungusha ile orodha mtaa mzima. Nilimwonyesha muuza maji, nilimwonyesha mchungaji, nikamwonyesha hata mama wa kibanda cha mboga ambaye hatusemeshani tangu mwaka jana.

Kisha harusi ikapita. Simu za watu zikajaa picha za bibi harusi, wakafuta nyimbo wapate nafasi. Sidi akashuka hadi kumi na moja, na siku mbili hakugusa chakula. Mama gani atatazama hayo akae? Nikatoa simu yangu ya zamani, nikaazima mbili nyingine, na kila anayeingia dukani kwa zipu au kifungo nikamshika na pini zangu. Jumatatu hii amerudi namba nne.

Tangu hapo mfungwa ni mimi. Dada yangu wa Mwakirunge anaumwa mguu, sijaenda kumwona, maana simu zikilala wimbo unashuka. Nimejishonea nguo isiyo na zipu, nikaingia ndani, nikamalizia mshono.

Ningevumilia. Lakini jana Sidi alikuja na barua. Ghalani wanataka kumwajiri moja kwa moja, baada ya miaka mitatu ya kuitwa kibarua. Mwisho wa kusaini ni kesho asubuhi.

"Sisaini, mama," akaniambia. "Watu wamenichagua wenyewe. Nitakaaje kuhesabu magunia ya chai na watu wananingoja? Wewe wasemaje?"

Mimi, ambaye nina la kusema hata kwenye matanga ya nisiowajua, nikasema, "Tule kwanza."

Leo alfajiri nilijaribu tena. Alikuwa anapiga pasi blauzi yake.

"Sidi."

"Abee, mama."

"Mwavuli usisahau."

Siogopi anikasirikie. Nimemkasirisha mara ngapi, nikampikia wali wa nazi yakaisha. Naogopa ataniuliza swali moja: mama, katika wote hao, ni nani aliyenisikiliza bila kuchomwa pini? Na mimi sijui. Niliwafunga watu hapa dukani, mashine ikadhani wanapenda, mwanangu akaiamini mashine. Pengine wapo wengi wanaompenda kweli. Ni mimi niliyewachanganya na wangu hata hawajulikani.

Mmoja namjua. Juzi mwanamke alipita hapa mlangoni na ndoo ya dagaa kichwani, anaimba ubeti wa pili. Maneno amekosea, sauti imempotea, lakini anaimba tu peke yake. Nilitoka mbio na futi shingoni kumtazama uso. Simfahamu. Hajawahi kuingia dukani kwangu.

Ukurasa huu alinifungulia Sidi. Kila nikichapisha simu yake inalia, naye ndiye msomaji wa kwanza, ananirekebishia herufi. Saa kumi na moja anatoka kazini. Nikibonyeza sasa, atakuwa amejua kabla hajafika nyumbani, nami sitapata tena nafasi ya kumkumbusha mwavuli.

Nimezima simu ya kwanza. Ya pili. Hii ya tatu imenitazama sana, nayo nimeizima. Kumbe bati linadondosha maji, nilikuwa silisikii.

Sidi mwanangu, leo herufi usizirekebishe, ziache hivyo hivyo. Barua nimeiweka ndani ya Biblia yangu isikunjike. Usaini au usisaini, lakini uamue ukijua. Sitini wale na wengine wengi walikuwa wangu.

Yule mama wa dagaa, huyo sikumpima mimi.