Siku ya Ishirini na Tisa

Tata,

Miezi minane tangu tukuzike, shangazi yangu. Sasa nina mafundi kumi na wanne hapa Ruiru, tunashona sare za shule.

Kuna jambo sijakusamehe, wacha nilitoe. Uliposimama kuwasemea vibarua wenzako pale kiwandani Thika, walikufuta kazi, karo yangu ikakosa wa kuilipa, nami nikatoka shule kidato cha pili. Nimejijenga mwenyewe. Sikukwambia ukiwa hai kwa sababu ungeniuliza, "Na cherehani ulifunzwa na nani?"

Unakumbuka walivyokuwa wakivunja mwezi. Siku ya ishirini na tisa kibarua anaambiwa akae nyumbani, kesho kutwa anarudi kama mgeni, asije akahesabiwa wa kudumu. Miaka sita, mara sabini na mbili. Nilikuwa naweka alama kwenye kalenda.

Tata, na mimi huvunja. Nilidhani biashara ndivyo inavyoendeshwa.

Binti yako Njoki alinipigia kutoka Ujerumani, nikamweleza ninavyovunja. Akasema kiwandani kwao wafanyakazi huchagua baraza lao, na mkubwa hawezi kubadilisha zamu kabla ya kuliuliza. Nikamwambia huko ni huko, hapa stima inapotea kila wiki. Akaniuliza kama hupotea siku ya ishirini na tisa. Nikajitetea na Uganda: jamaa anayeniuzia vitambaa kule haandikii mtu barua ya kazi.

"Kwa hivyo unatafuta nchi ya kujificha," akasema.

Nilikata simu. Ana ulimi wako.

Jumatatu ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Mumbua, fundi wangu wa kola. Sikuwa nimemwambia kitu. Alikunja aproni yake, akafunika mashine, akaniuliza polepole, "Madam, nirudi Jumatano?"

Alikuwa amejihesabia mwenyewe. Kama wewe. Nikamwambia aketi, kola hazijaisha.

Juzi niliwaandikia barua za kazi, zote kumi na nne. Agosti shule zikifungwa sijui nitawapa nini washone. Nimepiga hesabu mara tatu na bado haikubali. Tutaulizana.

Ijumaa wanachagua wa kuwasemea. Watamchagua Mumbua, na najua atanisumbua.

Pumzika, Tata. Atanikasirisha, tutagombana, lakini nakuahidi: hatafutwa kazi kwa sababu ya kusema.

Wako,
Wangari