Majina yenye Furaha alifuta

Kitshanga, siku ya ine, magaribi.

Mpaka sasa sijui kama leo nilifundisha ao niliharibu. Niliambia batoto ba mwaka ya kwanza baandike majina ya bantu ba kwabo. Furaha akaandika ku kibao: Gaju, Bihogo, Mayenzi.

"Njo dada zako?"

"Hapana, Mwalimu. Njo ng'ombe zetu."

"Futa. Ng'ombe haiko muntu."

Akafuta na mukono, bila kulia. Kwetu sisi balimaji ba maharagi, hata mbuzi haina jina! Ningejua namna gani?

Mama yake ametoka hapa sasa hivi. Ng'ombe zilibakia kwabo, ku Bihambwe, wakati balikimbia vita, na kila magaribi mutoto anaziita majina, ili zisibasahau. Leo amekatala.

"Anasema Mwalimu alizifutisha, basi hazitasikia tena."