Kishikio Nilichokuchagulia

Dessie,
wiki ya nne ya mfungo mkuu.

Baba yangu mpendwa,

Nayabusu magoti yako kwa karatasi hii, kwa kuwa mwenyewe sijathubutu kuja. U hali gani huko Debre Berhan? Baridi inakuachia usingizi? Shangazi Tsedale hajambo, na yule ng'ombe wake ameshazaa? Sisi huku wazima, Mungu ashukuriwe. Mama anakusalimu sana, na anasema kama shangazi anakupikia shiro, ule mchuzi wa unga wa dengu, kila siku usimlaumu, hata hapa ni hiyohiyo mpaka Pasaka.

Studio imetulia. Kama ujuavyo, kwenye mfungo haolewi mtu, nami nimebaki na picha za paspoti na watoto wa shule. Kazi kidogo, mawazo tele. Ningekupigia simu, lakini kila nikipiga tunaishia kuzungumza habari za mvua, nami nakata simu nikijichukia. Kwa hiyo naandika.

Baba, ni habari ya ile gimbali, kile kishikio chenye mota cha kutulizia kamera.

Unakumbuka ilivyoanza. Kabla ya Krismasi mkono wako ulianza kutetemeka ukishika kikombe cha kahawa, na Mama akawa anakujazia nusu tu. Ukaanza kuogopa kamera. Mimi nikajitapa mbele ya wote kwamba siku hizi kuna mashine ya kazi hiyo, na kwamba nitakwenda Addis mwenyewe nikuchagulie. Ukawatangazia wateja kwamba mwanao anayajua mambo ya kisasa.

Kule Addis, kwenye soko la Merkato, niliingia kwenye duka la mama mmoja aitwaye Fikirte. Aliniuliza kamera ina uzito gani pamoja na lenzi yake. Sikuwa nimeipima. Nikamjibu haraka kwamba haifiki kilo. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayesema ameshanawa. Akanionyesha gimbali moja nzito, nyeusi, sanduku lake limechubuka, akasema hiyo ina mota zenye nguvu na bei yake si mbaya. Mimi jicho lilikuwa kwenye ile nyingine, nyembamba, yenye vitaa vya buluu, tena ya bei ya chini zaidi.

"Hiyo ni ya simu na vikamera vidogo, mwanangu," alisema. "Mwisho wake kilo moja. Ukiizidishia, itatetemeka mpaka uitupe. Nenda kapime kwanza, mimi sihami hapa."

Nikamwambia kazi hii nimezaliwa ndani yake. Nikalipa, nikaondoka nikijiona mjanja.

Siku ya harusi ya Meklit, binti wa Ato Sirak, wewe ndiye uliyeishika. Uliingia nayo katikati ya wale wanawake waliouziba mlango kwa nyimbo wakimzuia bwana harusi asipite, ukapiga mpaka maharusi walipoinama kuwabusu wazee magoti. Katikati ya kazi uliniuliza kwa sauti ya chini, "Yitbarek, mbona kinatetemeka?" Nikakwambia ushike kwa nguvu kidogo, Baba. Ukashika kwa mikono miwili, jasho likikutoka.

Wiki mbili baadaye tulikaa sebuleni kwa Ato Sirak kuitazama filamu. Picha ilitikisika tangu mlangoni hadi kwenye magoti ya wazee. Yule mjomba wa bibi harusi akasema, "Gashe Demissie, siku ile kulikuwa na tetemeko la ardhi sisi tukiwa tunacheza?" Watu wakacheka. Ukacheka nao. Tulipokuwa tukirudi nyumbani ndipo uliponiambia, taratibu tu, "Basi, mwanangu. Hata mashine imeshindwa na mikono yangu." Kesho yake ulinikabidhi kamera na funguo, na mfungo ulipoanza ukaenda zako kwa shangazi.

Sasa nisikilize, Baba, maana naona aibu na nisipoandika upesi nitachana karatasi. Asubuhi baada ya harusi, kabla hata filamu haijaonekana na mtu, niliichukua kamera nikaipima kwenye mizani ya yule mama muuza pilipili aliye jirani. Kilo moja na robo. Nikarudi studio, nikaisimamisha gimbali juu ya meza kwa miguu yake mitatu, nikaiwasha na kamera juu yake, nikaiacha, nikarudi nyuma hatua mbili. Hakuna mkono wa mtu ulioigusa. Ikatetemeka vilevile.

Kwa hiyo pale sebuleni, watu walipokuwa wakikucheka, mimi nilikuwa najua. Nilikaa nikitafuna kolo, ile shayiri ya kukaanga, huku nikikuangalia ukijifuta macho kwa kucheka. Neno langu moja tu lingetosha. Niliogopa mjomba yule atanigeukia mimi.

Na hilo silo baya kuliko yote. Nilikwambia ile kadi ya kamera yenye picha za alfajiri ya harusi iliharibika. Haikuharibika. Ile gimbali nilikuwa bado nahangaika kuifunga, nawe hukunisubiri, ukaingia chumbani kwa Meklit na kamera mikononi tu, bila kishikio, ukampiga picha akisukwa nywele na bibi yake. Dakika tisa, Baba. Uzi wa pazia nyuma yao umesimama wima, hautikisiki hata kidogo. Nilizikata zote mimi mwenyewe, kwa sababu yeyote ambaye angeziona kisha akaiona filamu iliyobaki, angeuliza kilichobadilika ni nini. Niliona afadhali ulaumiwe wewe.

Nimeziweka dakika hizo kwenye flashi iliyomo humu ndani ya bahasha. Mwombe mtoto wa shangazi akufungulie, ukazione. Jumapili nitakwenda kwa Ato Sirak, nimwombe amwite na mjomba, niseme mbele yao kama nilivyosema hapa. Sikuombi unisamehe kwa sababu ya hilo, ni deni tu. Lakini kuna harusi wiki ya pili baada ya Pasaka, kule mtaa wa Piassa, na bado sijawaambia wenye harusi nani atapiga picha. Ukija, mimi nitashika taa na kubeba begi. Usipokuja nitawaambia watafute mpiga picha mwingine.

Msalimie shangazi na wote wa nyumbani kwake, na wote wanaoniulizia, kama wapo. Mungu atufikishe Pasaka kwa amani.

Mimi mwanao niliyekuaibisha,
Yitbarek Demissie.